Wanaimba Kiingereza, lakini hawakisemi

Swali: "Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali, nina watoto 96. Redio hatuna, umeme unaishia ofisini. Kiingereza nakifundisha kwa nyimbo kwa sababu watoto wanazipenda, na hata kwenye semina tulielekezwa hivyo. Hadi sasa wanajua nyimbo saba, mwanzo mpaka mwisho. Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliingia na mgeni. Watoto wakaimba vizuri, wakapigiwa makofi. Kisha mgeni akamwinamia mtoto wa dawati la mbele, akamuuliza: 'What is your name?' Mtoto akajibu kwa nguvu zote: 'What is your name!' Darasa zima likafuatia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenzangu wa darasa la pili anasema nyimbo ni kupoteza muda na kelele zinamsumbua, afadhali niandike maneno ubaoni wayakariri. Wazazi nao wananiuliza mbona watoto wa shule za kulipia wanaongea. Je, niache nyimbo? Na hiyo michezo tunayoambiwa, kwa watoto 96 naifanyaje?"

Jibu:

Pole, mwalimu mwenzangu. Nimecheka kidogo nilipofika kwenye jibu la yule mtoto, unisamehe. Nimecheka kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa tatu kazini niliwatungia watoto wimbo wa viungo vya mwili, unaoanza kichwani na kushuka hadi vidole vya miguu. Akaja mkaguzi, akamwomba binti mmoja kwa Kiingereza aguse goti. Binti akafumba macho, akaanza kunong'ona wimbo tangu mwanzo huku mkono ukishuka taratibu: kichwa, shingo, bega, tumbo. Alipofika kwenye "knee" akaligusa goti lake kwa furaha. Mkaguzi akaandika kwenye daftari lake kwamba darasa linajua viungo vya mwili. Mimi nikabaki najiuliza: huyu anajua goti, au anajua foleni?

Kwa hiyo nyimbo usiziache. Ila na mwenzako usimpuuze, kuna kitu amekiona. Amekiona ugonjwa, dawa ndiyo kaikosea.

Tuanze na mtoto wa dawati la mbele, maana huyo hakukosea. Fikiria Kiingereza alichokisikia tangu Januari. Mwalimu anasema "This is a book", darasa linarudia "This is a book". Mwalimu anaimba mstari, darasa linaurudia. Kwa miezi yote hiyo amefundishwa sheria moja tu: Kiingereza ni kitu ambacho mkubwa akikisema, wewe unakirudisha kama kilivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mgeni akasema, naye akarudisha. Hajapata kumsikia mtu mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Swali na jibu vyote vimekuwa vikitoka kinywani mwako.

Utaona jambo hilohilo barabarani. Saa kumi jioni unapita, watoto wanakukimbilia: "Good morning, teacher!" Watu wazima hucheka, lakini kuna akili ndani yake. Kiswahili kimemfundisha mtoto kwamba mkubwa anaamkiwa, na shikamoo haina saa. Asubuhi ni shikamoo, usiku ni shikamoo. Basi akachukua hilo donge la sauti, "gudmoningticha", akalipa kazi ya shikamoo. Ndani ya donge hilo hajaona neno lenye maana ya asubuhi. Kwake halina vipande.

Nyimbo hujenga madonge ya namna hiyo, na huyapanga foleni. Ukitaka kujua foleni inavyomfunga mtu, muulize mtu mzima aliyekariri jedwali la saba kwa kuimba: saba mara nane ni ngapi? Wengi watarudi kimyakimya hadi saba mara moja ndipo wapande. Kukariri kwa sauti na mapigo ni kuzuri kwa kuhifadhi, na ni kubaya kwa kuchomoa. Lugha nayo ni kuchomoa: neno hili sasa hivi, kwa sababu hili ndilo ninalolihitaji.

Hata hivyo uwezo huo wa kuhifadhi ni mali. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio walilofanya na watu wazima 60 waliofundishwa virai vifupi vya Kihungari kwa dakika 15. Kundi moja lilisikiliza na kurudia kwa kusema, jingine kwa kusema kwa mapigo, la tatu kwa kuimba. Walioimba ndio walioweza kuvisema virai hivyo vizuri zaidi baadaye. Hao walikuwa watu wazima, tena wachache na kwa muda mfupi, kwa hiyo usiende nayo mbali. Lakini inalingana na ninayoyaona darasani: wimbo unaiweka sauti mdomoni, na huko inakaa.

Na kwa mtoto wetu sauti ni nusu ya kazi. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakijali hayo yote mawili, ndiyo maana "bed" inageuka "bedi" na "elephant" inakuwa "elefanti" yenye mkazo kwenye "fa". Hapo angalia jambo ambalo walimu wengi hatuliangalii: tunachukua tuni ya Kiswahili tunayoipenda na kubandika juu yake maneno ya Kiingereza, kumbe pigo zito la tuni linaangukia silabi dhaifu ya neno. Watoto watalihifadhi kosa hilo kwa miaka. Kabla ya kuimba, lisemeni neno kwa kupiga makofi, kofi zito likae kwenye silabi nzito: E-le-phant, zito mwanzoni. Kisha uimbeni wimbo wote kwa kunong'ona. Mnong'ono una faida mbili: konsonanti za mwisho zinasikika kuliko mtu anapopaza sauti, na mwenzako wa darasa la pili anapumzika.

Sasa tuzifungue hizo nyimbo. Kati ya saba ulizonazo, chagua moja. Sita zilizobaki zitumie kuingilia darasani, kutoka, na kubadilisha kipindi; huko zinafanya kazi nzuri ya kutuliza watoto na usizidai zaidi ya hapo. Hiyo moja ndiyo uikatekate. Tuseme ina mstari kama huu: "I have a goat, a little black goat." Siku ya kwanza imba kisha nyamaza ghafla kabla ya "goat", nyoosha picha, waache wamalize wao. Siku ya pili, neno likifika mahali pake, nyoosha picha ya kuku. Hapo utaona nyuso zinavyokunjamana: nusu wataropoka "goat" kwa mazoea, wachache watasita, mmoja atasema "hen". Kile kusita ndicho unachokitafuta. Mtoto anayesita ameacha kukokotwa na tuni, anachagua. Siku ya tatu imba makosa makusudi, "I have a little black teacher", na uwaache wakukatalie. Hakuna kitu mtoto wa miaka sita anakipenda kama kumsahihisha mwalimu.

Wimbo wa namna hii unabeba na jambo ambalo ubaoni lingekula wiki nzima. Kwa Kiswahili tunasema mbuzi kwanza, weusi baadaye. Kiingereza kinatanguliza weusi. Ukibadilisha rangi kila unapoimba, "white goat", "brown goat", mpangilio unaingia bila wewe kutamka neno "kivumishi".

Kuhusu "What is your name?" ninayo tiba moja, nayo ni soksi. Chukua soksi kuukuu, ishone vifungo viwili viwe macho, iingize mkononi. Soksi hiyo haijui Kiswahili hata kidogo. Wewe unauliza, soksi inajibu kwa sauti nyembamba, na kwa mara ya kwanza watoto wanasikia vinywa viwili. Kisha soksi inauliza, wewe unajibu. Halafu inamgeukia mtoto: "Your name is Mango?" Mtoto atacheka, atakataa, na kwenye kukataa ndimo jina lake litakapotoka: "No! My name is Rehema." Wakishazoea, ligawe darasa: upande wa dirisha waulize, upande wa mlango wajibu, kisha wabadilishane. Anayeuliza kila mara abebe kitu, hata kifuniko cha chupa, ili jicho lione zamu ya nani. Wape wiki mbili. Wakirudia swali badala ya kujibu, usiwafokee. Soksi ndiyo ichanganyikiwe, iangalie huku na huku kama mtu aliyepotea stendi.

Watoto 96 si kikwazo kwa michezo kama wengi wanavyodhani, mradi uchague michezo ambayo wote wanacheza kwa pamoja. Mchezo wa kumwita mtoto mmoja mbele huku 95 wakitazama uache kabisa. Anza na amri: simameni, guseni pua, nionyesheni penseli, zungukeni mara mbili. Wewe unasema kwa Kiingereza, wao wanatenda bila kusema chochote. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher aliijenga njia hii tangu miaka ya 1960 baada ya kuona kwamba mtoto mdogo anaelewa na kutii amri muda mrefu kabla ya kuweza kuzitamka. Kwa hiyo mtoto aliye kimya usimhesabu kuwa hajui. Mwangalie mkono wake. Ila katika darasa kubwa kuna hila: wanaigana. Mmoja akigusa pua, safu nzima inagusa. Waambie wafumbe macho. Ukisema "Touch your ear" na watoto wote 96 wamefumba macho, ndani ya sekunde tatu unajua hali halisi ya darasa lako, na hakuna mtoto aliyeaibika mbele ya mwenzake. Sijapata kuona mtihani wa bei nafuu kuliko huo.

Mchezo wa pili wanao tayari, ni ule wa nyama. Kiongozi anataja nyama ya mnyama. Anayeliwa wanaitikia na kuruka, asiyeliwa wananyamaza, na anayeruka kwenye nyama ya fisi anachekwa. Kanuni zake watoto wamekuja nazo kutoka nyumbani, huna haja ya kuzieleza kwa lugha yoyote. Wewe badilisha maneno tu: "I eat mango!" wanaruka, "Yes!" "I eat rice!" wanaruka. "I eat stone!" kimya. Maneno kumi yanatosha mwezi mzima. Lakini sheria ya kumtoa anayekosea usiilete darasani. Anayetolewa mapema ni yuleyule asiyejua, naye atakaa pembeni akiwatazama wanaojua wakizidi kujua. Anayekosea aruke mara tatu, kisha aendelee kucheza.

Mchezo wa tatu unahitaji mfuko usioonyesha ndani na vitu kama sita: kijiko, ufunguo, kitana, gunzi, jiwe, penseli. Hapa gawa makundi 12 ya watoto wanane, kila kundi na kiongozi wake, mfuko wake, na kivuli chake chini ya mti. Mmoja anaingiza mkono na kushika kitu bila kukitoa, wengine wanauliza: "Is it a spoon?" "No." "Is it a key?" "Yes!" Nakuambia ukweli, mara ya kwanza itakuwa vurugu. Nusu ya makundi watacheza kwa Kiswahili, na kundi moja litagombania kitana. Wafundishe kwanza viongozi 12 peke yao, dakika kumi wakati wa mapumziko, kwa siku tatu, kisha ndipo uwaachie wenzao. Na Kiswahili kikisikika katikati ya mchezo, kiache kipite. Mtoto akisema "ni spoon hiyo", amechomoa neno mahali panapostahili, na ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Wewe mrudishie kwa upole, "Yes, it's a spoon", na mchezo uendelee. Kuna shule zinazomvalisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani; ninachokiona kikitoka humo ni watoto wanaonyamaza kwa lugha zote mbili.

Nirudi kwa mwenzako na ubao wake. Faida ya kukariri orodha ni kwamba ni rahisi kuendesha na rahisi kusahihisha. Lakini orodha nayo ni foleni, tena isiyo na tuni ya kuishikilia. Na kwa darasa la kwanza kuna hatari ya ziada: watoto wako wako katikati ya kujifunza kusoma kwa Kiswahili, ambamo herufi husema ukweli karibu siku zote. Aliyeiva kwenye ba, be, bi, bo, bu akiona "take" ataisoma kama mwisho wa "atake", na kwa haki kabisa, akiona "cat" atasema "kati". Ukimchanganyia mapema unatikisa usomaji wa Kiswahili ambao ndio mguu wake wa kusimamia. Maneno ayajue kwa sikio na mkono kwanza. Ubao utumie kuchora.

Wazazi waeleze bila kujitetea. Katika shule za serikali hapa Tanzania, tangu mwaka 2015 Kiingereza kilikuwa kikianzia darasa la tatu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, ndio uliokishusha hadi darasa la kwanza, tena kama somo, kwa vipindi vichache kwa wiki. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anakisikia siku nzima, kwa hiyo kulinganisha si haki. Wasidanganyike pia kwamba mtoto mdogo hushika lugha kama sumaku popote alipo. Utafiti wa miaka mingi ulioongozwa na Carmen Muñoz kule Barcelona ulilinganisha wanafunzi waliopata saa zilezile za Kiingereza shuleni lakini wakaanza kwa umri tofauti, na walioanza wakiwa wakubwa zaidi walisonga haraka zaidi. Mtoto mdogo hushinda pale anapoishi ndani ya lugha. Kwa vipindi vichache, anachovuna zaidi ni sikio, matamshi, na kutoiogopa lugha. Kama kufikia Desemba watoto wako wanatii amri 30 wakiwa wamefumba macho, wanataja vitu mia bila kuanzia mwanzo wa wimbo, na wanamjibu mgeni jina, umri na wanachopenda kula, mimi ningekupa mkono.

Kuhusu redio, usihuzunike sana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga wa Kimarekani waliochezewa na watu waliokuwa wakizungumza Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, na waliowekewa watu walewale kwenye video hawakujifunza. Wachanga si darasa la kwanza, lakini mtu anayekutazama usoni na kungoja jibu lako ana nguvu ambayo spika haina. Kama unahofia matamshi yako mwenyewe, chagua sentensi 20 tu za darasani, zihakikishe na mwalimu wa sekondari unayemwamini, uziseme hizohizo kila siku.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mtoto ambaye hata amri za Kiswahili hazifuati, anayekutazama mdomo unaposema, anayesema "eh?" kila mara, au anayetoka usaha sikioni, huyo tatizo lake si Kiingereza. Mhamishie mbele leo, na umshauri mzazi ampeleke hospitali akapimwe masikio. Vivyo hivyo mtoto wa miaka sita ambaye kwa lugha ya kwao bado hawezi kuunga sentensi na kueleweka na wasio wa nyumbani. Uliza kwanza lugha ya kwao ni ipi. Kwa wengi Kiswahili chenyewe ndiyo kwanza wanakianza, na huko si kuumwa. Na wewe mwenyewe, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu mfululizo kwa kupigia kelele watoto 96, mwone daktari. Kwa mbinu zenyewe, leta mchezo mmoja kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni, uufundishe mbele ya wenzako, na huyo wa darasa la pili mpe kazi ya kuhesabu watoto wangapi waligusa sikio sahihi.

Soksi ishone kabla ya Jumatatu. Jina uipe ambalo hakuna mtoto darasani analo. Yangu niliiita Neema, nikiwa nimesahau kwamba nina Neema watatu, nikatumia nusu ya kipindi kusuluhisha.